Uingereza kwa Nje, Japani kwa Ndani
Land Rover ya Series III, gari lililoundwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, hupendwa na mwenyewe kiasi kwamba haiachi ife, bali huimaliza kidogo kidogo kwa kuitibu. Kwanza hung'olewa injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, na mahali pake huingizwa dizeli ya Toyota Hilux, aina ya 3L, yenye 2,779. Na kwa kuwa matundu ya boliti za injini hiyo hayalingani na ya giaboksi ya Kiingereza, fundi hukereza adapta, yaani bamba la chuma linalounganisha viwili visivyojuana, kisha huchomelea viegemeo vipya kwenye chesisi. Giaboksi ikianza kulia, nayo hubadilishwa, hufuata difu. Rejeta hufungwa kwa waya, kwa muda tu (muda ambao fundi hautaji). Kinachobaki ni bodi ya aloi ya alumini, nembo, kadi ya gari inayotaja namba ya injini iliyokwishauzwa chuma chakavu, na mwenyewe, anayeshikilia barazani kwamba magari ya Kijapani hayadumu.