Mgeni Hasidi

Kwa miaka kumi na tisa nyumba yangu ya Tanga iliendeshwa kwa amri moja: hakuna kuegemea vitambaa vya makochi. Viko kumi na vinne, vyeupe, nimevifuma kwa mkono wangu. Kila Alhamisi hufuliwa, hutiwa wanga na kupigwa pasi vingali na unyevu, mpaka vikauke vigumu kama kaki. Kuna vya makochi, cha meza, cha redio, cha televisheni, na kimoja ambacho kazi yake ni kufunika kitambaa kingine. Wanangu wamekua wakikaa kwenye ncha ya kochi kama watu waliokuja kudai deni. Baba yao alikwishahamia barazani siku nyingi, yeye na mkeka wake.

Basi Salma, binti yangu mkubwa, akaja likizo na simu yake, akanionyesha picha za mashuka ya viraka. Kamusi huliita shuka la namna hiyo mfarishi: juu vipande vilivyoungwa, katikati kitu cha kujaza, chini kitambaa kizima, na tabaka zote tatu zikashonwa pamoja. Hayo ya kwenye simu yalishonwa na wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto Alabama, Marekani, ambao wazee wao walitumikishwa utumwani kwenye mashamba ya pamba ya hapo hapo. Walishona kwa suruali za kazi zilizokwisha magotini. Mwaka 2002 mashuka yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha yakapelekwa katika jumba la Whitney, New York, na mwaka 2006 yakawa stempu za posta. Nikaitazama mishono. Imepinda kama barabara ya kupandia Lushoto.

"Hawa," nikamwambia Salma, "hawakupata mtu wa kuwaelekeza."

Maneno mengine mtu huyasema akayalipia.

Lakini kitu kilinikaa. Kwetu kiraka ni cha kufichwa. Marehemu mama alinifundisha kukitia kwa ndani, uzi wa rangi ya nguo, mishono midogo kama sisimizi, halafu unapiga pasi ili jirani asijue. Na sasa kuna watu wanatundika viraka ukutani, na wengine wanasafiri kwenda kuvitazama! Salma akajua pa kunigusa. "Mama, si hata khanga ilianza kwa kuungwa?" Kweli. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa na meli, wakaviunga sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Leso ni neno la Kireno, na Mombasa hadi leo khanga huitwa leso. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri wachapishe kitu kizima, na mshono ukafa. Nilinyamaza. Habari hiyo nilimsimulia mimi.

Mama mkwe wangu alikuwa aje kutoka Pangani baada ya wiki tatu. Nikaamua atajifunika shuka la viraka lisilo na mfano: kila pembe sawasawa, kila mshono umekutana na mwenzake. Nikatoa khanga zilizochoka. Moja ilikuwa na chapa ya K.H.E., "Mali ya Abdulla", ya lile duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887, na mkasi ulinitetemeka mkononi. Nilikata miraba ya inchi sita kwa kufuatisha kipande cha boksi la biskuti, miraba mia moja na ishirini. Hesabu ilikuwa nyepesi: kitanda cha wageni ni futi tano kwa sita, basi miraba kumi kwa kumi na miwili. Nilimwonyesha Baba Salma, akaitikia kwa kichwa kama hakimu.

Tulichosahau sote wawili ni kwamba mshono unakula. Mimi nimezoea kushona magauni, naacha nusu inchi kila upande, kwa hiyo kila mraba ulipungua inchi nzima. Siku ya kulitandika, shuka lilikuwa inchi hamsini kwa sitini. Lilikaa katikati ya kitanda kama mswala. Na pembe hazikukutana. Nikazifumua, nikazishona, nikazifumua tena. Khanga ni pamba nyepesi: ukiivuta inapinda, na ukiifumua mara ya tatu inaanza kuachia. Usiku wa nne nilikuwa sakafuni na wembe na tochi ya simu, Baba Salma akaja kusimama mlangoni.

"Mama Salma, hilo shuka linakudai shilingi ngapi?"

Nikaziacha pembe. Nikalizungushia pindo la kitenge, inchi sita kila upande, likafika godoro lilipofika. Alhamisi hiyo vitambaa havikufuliwa. Sikukumbuka mpaka Jumamosi, nilipomkuta Baba Salma sebuleni, kaegemea kochi mgongo wote, anakoroma.

Ikabaki kujaza. Mwenye busara angetia blanketi kuukuu. Mimi nilikuwa na mto mkubwa wa sufi, na sufi haikosekani kwa mtu wa Tanga. Nilijua kwamba ni nyepesi mno, inateleza, haishikamani. Ndiyo maana ni tabu kuisokota uzi, na ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Hayo yote niliyajua. Nilichokisahau ni pangaboi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikaa sebuleni, nikaupasua mto kwa mkasi, nikamwaga sufi yote juu ya shuka na kuanza kuisambaza kwa viganja, taratibu, kama mtu anayeanika mpunga. Umeme ukarudi. Pangaboi lilikuwa limeachwa kwenye namba tano.

Sufi ilipanda, ikazunguka, ikashukia vitambaa vyote kumi na vinne, na sufuria ya maharage, na masharubu ya Baba Salma. Salma alikimbilia swichi, akateleza. Na katikati ya hayo tukasikia hodi. Mama mkwe alikuwa amekuja siku mbili kabla.

Alisimama kizingitini na kikapu chake cha nazi, akatazama juu, akatazama chini.

"Mnanyonyolea kuku ndani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akavua viatu, akapangusa kochi kwa mkono, akaliegemea, kitambaa kikamng'ang'ania mgongoni. "Leteni blanketi kuukuu," akasema, "na sindano mbili."

Tulipiga bandi pamoja alasiri nzima, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukielekeana katikati. Alikuwa na miwani puani na mkono mwepesi. Ghafla mkono ukasimama. Kidole chake kikapita juu ya mraba mmoja, kikahamia wa pili, kikarudi.

"Mgeni," akasoma. "Hasidi."

Moyo ulinidondoka. Mraba mmoja ulitoka kwenye "Mgeni njoo mwenyeji apone". Wa pili ulitoka kwenye "Hasidi hana sababu". Inchi sita ziliichukua kila herufi bila kubakiza, nami kwa mkono wangu nikaiweka miraba hiyo ubavu kwa ubavu, katikati ya shuka la mkwe. Na pwani khanga haikosei mlango. Mtu akikupa maneno, kakupa wewe. Nani angeniamini kwamba ni bahati mbaya?

"Mama, nafumua sasa hivi."

"Acha." Akavua miwani. "Ulipokuwa unashona, hukuyasoma?"

"Nilikuwa natazama pembe."

Akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha tumboni, ambacho kwa miaka yote hiyo sikuwa nimekisikia. Alicheka hadi Salma akaja kuchungulia kutoka jikoni. Kisha akaichukua sindano, akapitisha uzi mwekundu kuzunguka maneno yale mawili, ili yaonekane vizuri.

Alilala chini ya shuka hilo siku tano, akaondoka nalo. Wiki iliyofuata basi la Pangani likaniletea mfuko: khanga zake kuukuu tatu. Akapiga simu. Kuna jirani yake huko, hawaongei tangu Ramadhani, nami nimshonee shuka la kumpelekea, ila safari hii maneno niyapange kwa makusudi.

Salma amekwishatandaza vipande juu ya makochi na vitambaa vyake, anatafuta JIRANI. Tumepata JIRA. NI imo kwenye kipande ambacho Baba Salma anafutia baiskeli.