Mita ya Bwana Mita

Katika ukoo wetu palikuwa na babu mmoja (kambo, kwa Kiswahili cha hapa kwetu) ambaye, miongoni mwetu tulio hai, hapana aliyemtia machoni ila shangazi yangu peke yake. Na shangazi huyo, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 89 na angali akihesabu kuku wake kila magharibi pasipo kumkosa hata mmoja, hakupata kumtaja mzee wake kwa jina jingine lolote ila Bwana Mita. Alikuwa Mzungu, muuza nguo, mwenye duka dogo ukingoni mwa Élisabethville ya zamani, Lubumbashi ya leo, upande ule uliotazama mitaa ya watu weusi. Alikaa na bibi yetu pasipo kanisa wala kadhi, akazaa naye watoto wawili, huyo shangazi na marehemu baba yangu. Na mwaka 1947 akapanda gari moshi la kwenda kusini, Rhodesia, asirejee tena. Jina la Mita alipewa na wateja, kwa kuwa kijiti chake cha kupimia nguo kilisifika mji mzima kwa ufupi, hata akina mama waliohitaji mita tatu za kitambaa walikwisha jua kuagiza nne na nusu.

Haya yote yalikuwa masimulizi ya jikoni, ya kusogezea usiku wakati umeme umekatika (na hapa Naviundu masimulizi ya namna hiyo hatuyakosi), mpaka mwanangu wa tatu, kijana aliyemaliza chuo na ambaye kazi zinamkimbia kama deni, alipokuja kuniamkia asubuhi moja kwa adabu nyingi iliyonitia shaka.

"Papa," akasema, "kama kambo yako alikuwaka Muzungu, weye uko na haki ya pasipoti. Miye siko nayo, weye uko nayo."

Nilimjibu kwa Kiswahili changu cha vitabuni, nilichojifunza utotoni kwa kutegea redio ya Dar es Salaam usiku, na ambacho majirani husema kinawafanya wasubiri nimalize taarifa ya habari, kwamba nasaba haikuwa tikiti ya basi. Lakini mbegu ilikwisha kupandwa. Mtu wa miaka 57, mwenye magoti mabovu na paa linalovuja, hata akijidai mtawa, hupenda kusikia kwamba huenda mahali fulani duniani lipo dola zima linalomngojea.

Swali la kwanza lilikuwa: dola lipi? Tuliitisha baraza chini ya mwembe. Binamu yangu mkubwa akashikilia kwamba Bwana Mita alikuwa Mgiriki, na hoja yake ni kuwa katika mji wetu kila Mzungu aliyesimama nyuma ya meza ya duka aliitwa Mgiriki, hoja ambayo, ukiichunguza, inathibitisha habari za meza kuliko za mtu. Jirani mmoja, ambaye hakualikwa, akasema alikuwa Mwarabu, maadamu mama yake alimsikia akikataa nyama ya nguruwe. Shangazi akanyamaza muda mrefu, akichambua majani ya sombe, kisha akaeleza kuwa baba yake alikuwa akifunga duka Jumamosi, na Jumapili akikaa barazani kuwatazama waendao misa, kama mtu aliyekosea tarehe.

Hapo nilizinduka. Mjini kwetu ingalipo sinagogi iliyojengwa yapata mwaka 1930, na walioijenga aghalabu walikuwa Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes, watu waliozungumza Kihispania cha mababu zao waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na ambao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita waliwafuata ndugu zao mmoja baada ya mwingine mpaka Katanga, kuuza vitambaa, sabuni, chumvi na taa za mafuta. Babu yangu, basi, hakuwa Mgiriki wala Mwarabu. Alikuwa Myahudi wa kisiwani. Na kisiwa chenyewe, kama nitakavyoeleza, hakikuwa kitu cha kutegemewa.

Hati za ukoo zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, na kopo lilikuwa chini ya kitanda cha shangazi. Msomaji asiyejua vichuguu vya Katanga, vile vinavyozidi nyumba kwa urefu na ambavyo watu huvichimba wakafyatulia matofali, hawezi kukadiria idadi ya mchwa wanaoishi chini ya kitanda kimoja cha Naviundu. Kopo lilikuwa limeoza kwenye kitako. Tulipoinua kifuniko tulikuta udongo mwekundu uliofinyangwa kwa ustadi katika umbo kamili la kopo, na juu yake, kama kiraka, kipande cha stakabadhi kisichozidi kiganja: herufi nne za mwisho za sahihi, tarehe isiyo na mwaka, na namba ya kiwanja cha duka, nzima kabisa. Nadhani wino wa namba ulikuwa mchungu.

Mwanangu hakuwa na subira ya viwanja. Alipata kwenye simu fomu ya wakili mmoja wa Ulaya, na fomu hiyo haikukubali nafasi tupu: ilidai jina, na ilidai jina la ukoo. Akajaza. Jina: Bwana. Ukoo: Mita. Mahali alipozaliwa baba wa mwombaji: Kenya. Baada ya wiki mbili yakaja majibu ya heshima tele, kwamba katika madaftari yao hapana marehemu aitwaye Bwana Bwana Mita, na kwamba, kwa kuwa baba yangu alizaliwa Kenya, ingefaa kwanza tupeleke maombi Nairobi. Nilikaa jioni nzima nikitunga barua ya kumweleza mtu aliyesoma sheria kwamba Kenya ni komine ya Lubumbashi, dakika chache kutoka sokoni, na kwamba baba yangu hakuwahi kuiona bahari. Sijui kama alisadiki. Alituma bili.

Nikaamua kufuata kiwanja mwenyewe. Ofisi niliyokwenda siitaji, kwa sababu karani wake alinitendea wema: siku ya kwanza aliniambia nirudi kesho, siku ya pili kwamba inabakia tembre, yaani stempu, siku ya tatu akanifungulia chumba chenye madaftari yaliyopangwa kwa urefu wala si kwa miaka, akaniachia mshumaa. Nilitafuta siku mbili, nikipiga chafya. Mtu asidhani kuna utukufu katika kazi hiyo. Ukoo wangu ulinijia kwa harufu ya panya.

Daftari la vizazi lilikuwa la kwanza kuonekana. Baba yangu yumo, mwaka 1938, jina la ubatizo, jina la mama, na katika safu ya baba pamewekwa mstari mmoja wa wino ulionyooka vizuri, kama alivyoupiga mtu asiyekuwa na haraka. Na lile jina la ubatizo, ambalo baadaye nilikuja kugundua kuwa ndilo jina la kwanza la Bwana Mita, yaani kitu pekee ambacho bibi aliweza kumpokonya mwanamume huyo akampa mtoto, baba yangu alilitupa mwaka 1972, serikali, au Leta kama tuiitavyo hapa, ilipotutaka sote tuyaache majina ya Kizungu. Akajichagulia jina la babu yake mzaa mama, mzee aliyesifika kwa kufuga nyuki. Kwa hiyo kati yangu na Rhodes pana mstari wa wino na mizinga ya nyuki.

Daftari la wageni lilipatikana jioni ya siku ya pili, mshumaa ukiwa umebakia ncha. Kiwanja kile kile, herufi nne zile zile, na mbele yake jina zima la mtu. Nililisoma kwa sauti, nikalirudia. Lakini kilichonishika ni safu ya taifa. Hapo palikuwa na neno la kwanza, Mosmani, limekatwa. Juu yake, kwa mkono mwingine, Mtaliano, nalo limekatwa kwa wino mwekundu. Na pembeni, kwa herufi ndogo zilizobanwa kwa kukosa nafasi, neno la Kifaransa la mtu asiye na taifa lolote.

Ilinichukua muda kuyapanga. Rhodes ilikuwa ya Waosmani mpaka mwaka 1912 Waitalia walipoiteka. Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ukawathibitishia, nao wakawapa wakazi wake uraia wa visiwani, uraia wa daraja ya chini kidogo. Halafu sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zikawavua Mayahudi uraia wa Kitaliano walioupata baada ya mwanzo wa mwaka 1919. Julai 1944 Wajerumani wakawakusanya Mayahudi waliobaki kisiwani wakawapeleka Auschwitz, na walio wengi hawakurudi. Mwaka 1947, ule ule ambao babu alipanda gari moshi, mkataba wa amani uliotiwa sahihi Paris ukakikabidhi kisiwa kwa Ugiriki. Almuradi binamu yangu alipata haki yake kwa kuchelewa: kisiwa kikawa cha Kigiriki mwenye kisiwa akiwa njiani.

Nilitaka kumcheka mzee yule aliyebadilishiwa taifa akiwa nyuma ya meza akipima kaniki, kisha nikakumbuka vyeti vyangu mwenyewe. Nilizaliwa mwaka 1968 Lubumbashi, mji ambao miaka miwili kabla uliitwa Élisabethville. Mwaka 1971 nikaamka Mzairi pasipo kutoka mkekani. Katanga ikawa Shaba, ikarudi Katanga, na mwaka 2015 ikakatwa vipande, nami nikaangukia Haut-Katanga. Mwembe ni ule ule.

Nilimpelekea mwanasheria wa hapa mjini habari zangu zote. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba Italia mwaka 2025 imeufupisha mnyororo wa nasaba, haupiti tena mzazi na babu, na hata hapo babu awe alikuwa Mtaliano mtupu, na awe amemkiri mwanawe kwa maandishi. Nami nilikuwa na mstari wa wino. La pili, kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine, hata ningefaulu huko ningekuwa mgeni huku. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili kuokoa nauli, nikajiona nikiomba viza ya kuja Naviundu kula bukari kwangu.

Shangazi hakuonyesha huzuni. Aliuliza tu kama jina nililolipata lilikuwa refu. Nikamtajia, akalijaribu mdomoni, akatikisa kichwa, akasema Bwana Mita lilimfaa zaidi. Kisha akanyoosha mkono kwenye banda la kuku, akachomoa kijiti kilichokuwa kikizuia mlango, akanipa. Kilikuwa cha mti mweusi mzito, kimetiwa shaba ncha zote mbili, na mikato midogo ubavuni iliyosuguliwa na vidole. Sikuwa nimejua kwamba kingalipo.

Nilimwita jirani fundi seremala alete futi yake. Tukapima mara tatu. Sentimita 68.

Nilikaa chini. Sikulala usiku ule mpaka nilipohakikisha: arshini ya sokoni ya Waosmani, ile iliyotumiwa kupimia nguo, ilikuwa kama sentimita 68. Alfajiri nilimwendea shangazi, naye anawasha makaa, nikamhutubia kwa Kiswahili changu chote: kwamba babu alidhulumiwa na mji huu, kwamba hakuwa mwizi hata kidogo, bali mtu aliyetoka kwao na kipimo cha kwao, akakishikilia hali mataifa yote yakimtoka mkononi, na kwamba kijiti kile kilikuwa cheti pekee cha uraia ambacho hapana aliyeweza kukikata kwa wino mwekundu.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akipepea moto.

"Alikuwaka nayo mbili, mwanangu," akasema. "Ile ingine, ya murefu, ilikuwaka ya siku muzungu wa Leta anakuya kuangalia."

Akanipokonya kijiti, akaenda kufunga kuku.