Mawakala wa Mtungi

Kiangazi kilipokaza kando ya mto Galana, wanyama waliamua kuchagua mlinzi wa kisima. Waligombea wawili, Fisi na Bi Swala. Aliyemtaka Fisi alitia mtungini mbegu ya ubuyu, aliyemtaka Swala alitia kokwa ya ukwaju. Mtungi mmoja uliwekwa penye mgunga, mwingine ng'ambo ya mto, na kila mgombea aliruhusiwa wakala mmoja kwa kila mtungi.

Kambi ya Swala ilimteua Sungura akae penye mgunga, kwa sifa ya ujanja wake. Ng'ambo alijitolea Mzee Kobe. Kambini mwao hakuna aliyeuliza mawakala watakula nini. Kambi ya Fisi iliuliza mapema, ikapanga hata chakula cha wakala wa wenzao.

Kuhesabu kulianza usiku. Sungura hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Nguchiro, wakala wa Fisi, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, kuna muhogo wa kuchemsha kule nyuma. Nenda ukale, mimi nipo." Msimamizi akamsogezea kibao cha udongo mbichi, ambacho mawakala hukikanyaga kuthibitisha hesabu. "Kanyaga kabisa, usije ukatuchelewesha." Sungura akakanyaga kibao kitupu, akaenda zake kula.

Simlaumu kwa njaa yake. Nawalaumu waliomtuma mikono mitupu, kisha wakalala.

Ng'ambo, Kobe alikuwa amebeba viazi vyake. Kila mbegu ilipotolewa aliomba isogezwe kwenye taa. Moja ilitoka imejaa tope, msimamizi akaitupa upande wa Fisi. "Mwanangu, ioshe kwanza," Kobe akasema. Ilipooshwa iling'aa: ukwaju. Alikanyaga kibao baada ya hesabu kuchorwa, na hakuondoka mpaka akapewa nakala.

Mkenya aliyewahi kuwa wakala anakijua kibao hicho kwa jina la Fomu 34A. Kanuni zinampa wakala nakala yake, na nyingine hubandikwa mlangoni pa kituo. Akikataa kutia saini huandika sababu, ingawa kukataa kwake pekee hakubatilishi matokeo. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, fomu za matokeo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa sana.

Asubuhi matokeo yakasomwa mbele ya wote. Ya ng'ambo yalitajwa ukwaju 61. Kobe akatoa nakala yake: 91. Ikasahihishwa papo hapo. Ya mgunga yakatajwa ubuyu 140, ukwaju 9, na ukoo wa Swala peke yake uliopiga kura pale ulizidi tisa. Kibao kikaletwa. Mistari ya hesabu ilikuwa imechorwa juu ya unyayo wa Sungura, ikaukata katikati.

"Unyayo huu ni wako?" wazee wakamuuliza.

"Ni wangu."

"Nakala yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Fisi akakabidhiwa kisima.

Kambi ya Swala ilipokutana kujipanga kwa uchaguzi mwingine, majina ya mawakala yakaanza kutajwa kwa kelele. Kobe akawanyamazisha. "Kabla ya majina, nani atapeleka uji usiku wa manane? Na wakala akichoka, nani atampokea?"

Bi Swala akasema uji atapika yeye. Wakaanza kupanga zamu za penye mgunga.