Mjumbe Hauawi, Hata Akiwa Sensa

*Mshauri, mimi ni mwalimu hapa Busitema. Noah yangu ilikuwa ikienda kilomita kumi kwa lita. Sasa ni saba, na taa ya injini inawaka tangu mwezi jana. Fundi alipima kwa kompyuta akapata msimbo P0171. Amebadilisha sensa ya oksijeni mara mbili. Kila mara taa huzima siku tatu, kisha hurudi. Sasa anataka ninunue ya tatu. Ninunue?*
*Mfadhili wa Sensa, Busitema*

Mwalimu, usinunue. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na wewe umeshazika wawili. Sensa hiyo imekaa kwenye bomba la ekzosi, na kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama umebaki na oksijeni nyingi au kidogo. Kompyuta nayo hulenga takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli. P0171 maana yake ni kwamba sensa inaona oksijeni ya ziada, na kompyuta imeongeza petroli mpaka imefika mwisho wa ruhusa yake. Hayo ni malalamiko yaliyoandikishwa. Jina la mkosaji bado halijaandikwa. Mtoto akilia usiku, hakuna anayeanza kwa kumbadilisha mtoto.

Tuulize basi oksijeni hiyo inaingilia wapi. Mpira wa hewa unaweza kuwa umepasuka, au pampu imechoka na petroli haifiki ya kutosha. Lakini gari lenye njaa ya kweli hulalamika kwa kukosa nguvu, na lako linalalamika kwa kunywa. Ndiyo maana ningeanzia kwenye ekzosi. Tundu dogo kwenye maungio yaliyo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje katikati ya pigo moja la moshi na jingine. Sensa huiona hewa hiyo, husema kweli tupu, na kompyuta humwaga petroli ambayo injini haikuiomba. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fundi apake maji ya sabuni kwenye maungio hayo, kisha awashe. Atazame panapotoka mapovu, au penye alama nyeusi ya masizi. Kipande cha sabuni hakijawahi kumfilisi mwalimu.

Utaniambia kwamba sensa nazo hufa. Hufa, ila kifo chake hupimwa. Injini ikishapata moto, sensa ya kawaida ya oksijeni hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Iliyoganda mahali pamoja, hata mchanganyiko ukibadilishwa makusudi, ndiyo ya kuzikwa. Utaniambia pia kwamba taa ilizima baada ya sensa mpya. Ingezima hata kama fundi angebadilisha balbu ya nyuma tu, kwa sababu alifuta kumbukumbu ya kompyuta. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta husubiri kosa lijirudie katika safari mbili kabla ya kuwasha taa upya. Siku zako tatu za furaha zilikuwa muda wa kompyuta kuhakikisha.

*Mshauri, gari letu linakula mafuta kupita kiasi ingawa taa ya injini haijawaka. Mume wangu anasema ni petroli ya magendo ya mpakani. Kweli?*
*Mhasibu wa Nyumba, Tororo*

Shemeji, mumeo hana wazimu. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, hasa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya kwenye dizeli na petroli. Lakini kushuku si kupima. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesheni kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile na ugawanye: kilomita 480 kwa lita 40 ni 12 kwa lita. Rudia mara tatu, halafu fanya hesabu hiyohiyo kwa kituo kingine, mbali na mpaka. Hesabu ikipanda, mwombe mumeo radhi. Isipobadilika, petroli imeachiwa huru, na siku mlizosubiri kwenye foleni ya Malaba injini ikinguruma zihesabiwe kando, maana huko petroli huisha na kilomita hazisogei.

Kisha tazama mshale wa joto. Ukibaki chini hata baada ya kuvuka msitu wote wa Busitema, uliza kama kuna fundi aliyewahi kutoa thamostati "ili gari lisichemke". Kompyuta itaamini kuwa injini bado inaamka, na itaendelea kuipa mchanganyiko mzito wa asubuhi mchana kutwa. Wapo wanaosema nchi yetu ni ya joto, thamostati ni kwa ajili ya Wazungu. Injini hutaka maji yake yafike nyuzi 80 hadi 90 hivi, na jua kali kuliko yote la Tororo halifiki hata nusu ya hapo. Wala usidanganywe na ukimya wa taa: si kila gari huwasha taa kwa ajili ya injini baridi.

*Mshauri, mimi nimebandika utepe mweusi juu ya taa, na gari linakwenda vizuri tu.*
*Mwerevu, Busia*

Mwerevu, taa hiyo ina lugha mbili. Ikiwaka bila kucheza, kwa kawaida unazo siku za kumtafuta fundi anayepima kabla ya kuuza. Ikiwaka na kuzima, yaani inapepesa, kuna silinda isiyochoma, na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha. Utepe wako umezificha lugha zote mbili kwa pamoja. Ubandue leo, lakini usiutupe: mpelekee mwalimu wa Busitema afungie pochi yake, siku fundi atakapokuja na sensa ya tatu.