Heko kwa Mkondo wa Nungwi

Zanzibar hakuna kilichobaki bila kusifiwa. Milango ya Mji Mkongwe imesifiwa, karafuu imesifiwa, pweza wa Forodhani amesifiwa mpaka bei yake ikapanda. Hata urojo, ambao mgeni akiutazama hajui kama ni chakula au ajali, una watu wanaouapia. Katika sifa zote hizo kuna mmoja anayerukwa kila mara: mkondo wa Nungwi, yale maji yaliyo kati ya ncha ya kaskazini ya Unguja na kisiwa cha Pemba, yanayotapisha tajiri na maskini bila kumdai mtu nauli ya ziada. Leo ni zamu yake. Wewe uliyepanga likizo ya Pemba, soma, ila usome ukiwa hujala sana.

Nianze na adabu yake. Mkondo wa Nungwi hauna pupa. Boti ikitoka Malindi hupanda kaskazini ikiwa imejibanza kando ya Unguja, bahari imelala, na abiria wanapewa muda wa kutosha wa kujidanganya. Watu wanapiga picha. Watu wanafungua chipsi na kuku. Hakosekani kijana wa kusema kwa sauti kwamba yeye bahari haimwezi. Tumbatu inapita upande wa kulia, watu bado wanatafuna. Kisha ncha ya Nungwi inabaki nyuma, kinga inakwisha, na kutoka hapo hadi Pemba kuna kama kilomita 50 za bahari isiyomwonea mtu haya.

Mabaharia wanaielewa hesabu yake. Mwaka mzima maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini, na hapo kati ya visiwa viwili ndipo yanapobanwa. Wakati wa kusi upepo na maji vinafuata njia moja, lakini kusi lenyewe lina nguvu na mawimbi yake ni makubwa. Wakati wa kaskazi upepo unatoka kule kule maji yanakokwenda, vinakutana uso kwa uso, na wimbi linakuwa fupi, lililosimama, la kukata. Anayetaka utulivu avizie maleleji, pepo zinapopokezana, na hata hapo aombe Mungu. Nitajieni mwenyeji mwingine asiyefunga mlango msimu wowote.

Kwa haki ndiyo sijaona mfano wake. Nchi kavu pesa hununua nafuu ya karibu kila kitu. Kwenye boti pesa hununua kiti cha juu, chenye zulia na kiyoyozi, na maumbile yakaamua kwamba juu ndiko kunakoyumba zaidi. Aliyelipa zaidi anapata wimbi zaidi. Yule aliyebanana na magunia huko chini, katikati ya chombo, ndiye anayeyumba kidogo. Vyeo navyo havisaidii. Nelson, yule admeri wa Uingereza aliyeshinda vita vya Trafalgar mwaka 1805 na kufia humo humo, aliugua kila bahari ilipochafuka, na kazi yake ilikuwa bahari tangu utotoni. Darwin alizunguka dunia kwa meli ya Beagle, 1831 hadi 1836, na tumbo lake halikuzoea; zabibu kavu ndizo zilizokubali kukaa. Kwa hiyo anayeinamia kifuko pale Nungwi asijione mnyonge. Ameingia kwenye ukoo wa watu.

Na tumbo halina kosa. Ndani ya sikio kuna majimaji yanayopima mwendo wa mwili. Sikio linatoa taarifa kwamba tunapanda na kushuka, wakati jicho linalotazama kiti cha mbele linaapa kwamba tumekaa tu. Ubongo ukiletewa taarifa mbili zinazopingana hauendi kuchunguza nani mkweli. Unalitumbua tumbo. Watanzania utaratibu huu si mgeni kwetu.

Rafiki yangu niliyesafiri naye ni mtu wa Dodoma. Tulikuwa likizo Unguja, tumeshaota jua la kutosha, akataka kuiona Pemba. Asubuhi ya safari alikula chapati na maharage ya nazi, akaongeza sambusa, akafungasha nyingine kwenye karatasi.

"Dada, punguza," nikamwambia.

"Mwaya, mimi nimekulia kwenye mabasi ya Kondoa, barabara ya vumbi. Maji yatanifanya nini?"

Tulipoipita Nungwi maji yalimjibu. Boti ilipanda, ikasita huko juu kama inayofikiria, kisha ikaangukia tumbo kwa kishindo kilichozima mazungumzo yote. Baharia akapita akigawa vifuko bila kumwuliza mtu kama anavihitaji. Nchi kavu mfuko wa plastiki ni kosa; pale ni huduma. Kina mama waliojua mambo walikuwa wameshatandika kanga na kulala sakafuni kabla hata Tumbatu haijaonekana. Yule kijana ambaye bahari haimwezi alikuwa amekumbatia nguzo.

Kando yetu alikaa bibi mmoja wa Kipemba, buibui limekunjwa vizuri magotini, anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Nilimtazama muda mrefu kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Boti ilipopanda, kisu kilisimama. Iliposhuka, kikaendelea. Ganda lilitoka jembamba, refu, zima, likajikunja mapajani mwake bila kukatika hata mara moja. Rafiki yangu akainua uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshamaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Bado," akasema bibi, akamsogezea kifuko karibu zaidi. Na kweli ilikuwa bado. Baadaye akampa lile ganda. "Nusa hili. Simu iweke. Tazama kule maji yanakokutana na mbingu, usitazame watu."

Ushauri wa bibi ndio ushauri wa madaktari: jicho likiuona ule mstari wa upeo wa bahari linakubaliana na sikio, na ugomvi unapungua. Tofauti ni kwamba daktari hamenyi chungwa.

Hapo ndipo nilipouona utukufu mwingine wa mkondo huu. Marafiki wawili wanaweza kulala kwenye vitanda vya ufukweni wiki nzima, wakinywa madafu na kusifiana miwani, na wasijuane zaidi ya walivyokuja. Kati ya wimbi na wimbi rafiki yangu alikumbuka, bila kuulizwa, deni langu la tangu mfungo wa Ramadhani uliopita, akaahidi mbele ya Mungu na abiria kwamba atalilipa tukifika. Mahakama gani ya mwanzo ina uwezo huo? Mkoani tulipokanyaga gati alijaribu kuanza na "lakini nadhani nilishakupunguzia". Bahati nzuri nilikuwa na shahidi mwenye chungwa, na alikuwa hajaondoka.

Lazima niweke mpaka, sifa zisipitilize. Ninalolisifu ni wimbi linalotapisha, si lile linaloua. Septemba 2011 meli iliyoondoka Unguja usiku kwenda Pemba ilizama nje ya Nungwi, na watu wengi mno hawakurudi kwao. Ilikuwa imejazwa kupita uwezo wake, na mkondo haukukata zile tiketi. Ulikuwepo tangu enzi, kila nahodha anaujua. Siku bahari ikikataa na safari ikaahirishwa, anayefoka bandarini kwamba likizo yake imekatwa anamfokea asiyestahili.

Nimeiacha mwisho sifa iliyo kubwa kuliko zote: mkondo huu ndio bawabu wa Pemba. Watalii wanaijaza Unguja. Ndege ndogo za kwenda Pemba zipo, boti zipo, lakini wengi wakisikia habari za njiani wanatosheka na Paje. Ndiyo maana Pemba unapita kwenye barabara yenye mikarafuu kushoto na kulia, karafuu zimeanikwa majamvini hadi harufu inakufuata ndani ya daladala, na hakuna anayekukimbilia akuuzie bangili.

Tena ubawabu wa maji ya Pemba haukuanza na watalii. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipoyafunika maeneo makubwa ya kaskazini mwa dunia, bahari ilishuka zaidi ya mita 100. Maji yaliyo kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Yakakauka, na mnyama wa bara aliweza kuingia Unguja kwa miguu. Hivyo Unguja ikawa na chui wake. Pemba je? Mkondo wake mwingine, ule unaoitenga na bara, una kina cha mita kama 800. Bahari ikashuka, Pemba ikabaki kisiwa vile vile. Chui hakufika. Aliyefika ni popo mkubwa mwenye sura ya mbweha, ambaye porini haonekani popote duniani isipokuwa Pemba. Jamaa zake utawakuta Madagaska na Asia, bara la Afrika hawapo. Kule Kidike wanakijiji wanamlinda, na mchana unamwona amening'inia mitini na mabawa yake kajifunika, hana wasiwasi. Huyo aliijua njia. Alikuja kwa kuruka, boti hakuigusa.

Siku chache baadaye tuliupita msitu wa Ngezi tukateremkia Vumawimbi. Ufukwe wote ule ulikuwa wetu, pamoja na wavuvi waliokuwa wanashona nyavu na ng'ombe mmoja aliyepita zake. Rafiki yangu, rangi imeshamrudi, amekaa mbele ya changu wa kuchoma, simu yake ikaita. Ni binamu yake wa Dar es Salaam. Anataka kuja wikiendi, yeye na kundi la wenzake, na spika ya muziki wanayo.

"Usithubutu, mwaya," akasema, na sauti akailegeza ya mgonjwa. "Wimbi lile si la kusimuliwa. Watu wanazimia. Mimi mwenyewe hapa niko kitandani, maji tu hayapiti... Eeh, bora muende Bagamoyo. Bagamoyo pazuri sana."

Akakata simu, akaomba pilipili.