Mji Mzima Wajua Isipokuwa Bima

Watu wa bara wakisikia natoka Lamu hunipa pole na hongera kwa pumzi moja. Pole kwa kukosa barabara, hongera kwa kukosa kelele. Kwao Lamu ni punda, mashua na wazee waliokaa barazani wakinywa kahawa. Kahawa ipo, wazee tupo, punda ndio usiseme. Ila hiyo habari ya kukosa kelele imepitwa na wakati. Nilipokuwa kijana gari la kisiwani lilikuwa moja, la Mkuu wa Wilaya, na lilikuwa likienda wapi hasa sikupata kujua, kwa kuwa njia ilimwishia dereva kabla hajamaliza kubadilisha gia. Leo tuna trekta la taka, tuna ambulensi, na tuna bodaboda. Serikali ya kaunti imezipiga marufuku ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nazo zimetii kwa namna yake: pikipiki hupita nyuma, Wiyoni na Kashmiri mpaka Shela na Matondoni, na sauti yake huingia mjini peke yake.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu. Silitaji hili kwa kujisifu, nalitaja kwa sababu ndilo balaa langu. Huku kwetu mtu aliyewahi kushika faili hastaafu. Barazani pangu huletwa barua za benki, hati za viwanja, barua za mapenzi zilizoandikwa vibaya, na tangu pikipiki zivuke maji, huletwa vyeti vya bima. Siku hizi cheti chenyewe kinakaa kwenye simu, kwa hiyo mtu hunisimamia kichwani nikisoma, akiogopa nitafungua picha zake.

Msumbufu mkuu ni mwana wa kakangu. Jina lake nalisetiri kwa heshima ya babake. Alinunua pikipiki aina ya Boxer, mpya, nyeusi, imetulia kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo Boxer haikuishi wiki. Alianza na gadi za chuma mbele, akaenda kwa fundi wa kuchomelea akarefusha kiti na keria hadi abiria wa mwisho akawa anafika nusu dakika baada ya wa kwanza. Akaongeza springi za nyuma. Akatundika mwavuli mkubwa wa kampuni ya simu. Akaweka honi ya lori, na lori lenyewe hakuna hapa kisiwani la kupigiwa. Akatoboa sailensa, kwa sababu, alivyonieleza, "Ami, isipolia haina nguvu." Vioo vya pembeni akaving'oa, ati vinamharibia umbo. Kisha taa: nyekundu, buluu, kijani, za kuwakawaka. Ikipita usiku kule nyuma, paka wote wa mtaa wa Langoni wanageuka rangi.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, nikakiuliza kwa upole. "Umewaambia watu wa bima?"

"Waambiwe nini, Ami? Si pikipiki ni ile ile?"

Na hapa ndipo ninapopandwa na damu. Lamu hakuna siri. Mwanamke akinunua leso mpya mtaa wa Mkomani, Langoni wanajua rangi kabla hajafika nyumbani. Hiyo pikipiki mji mzima ulijua: fundi alijua, imamu alijua, punda walijua na kukaa kando. Mmoja tu ndiye aliyekuwa hajui, naye ni yule aliyeahidi kulipa mambo yakiharibika. Bima ilipofika mwisho akaifufua. Fomu ikamuuliza kama chombo kimebadilishwa, akatia alama kwenye "La" na kwenda zake kula mkate wa mofa.

Halafu siku moja Wiyoni, keria ile ndefu ikashika shogi la punda aliyebeba saruji. Mfuko mmoja ukaanguka, ukapasuka. Punda hakusogea hata sikio, aliendelea kutafuna katoni. Abiria, mama wa makamo, akateguka kifundo cha mkono. Mwenye punda akadai saruji yake, akadai na fidia ya punda kushtuka, ambayo mashahidi wote waliikataa.

Mpwa wangu akapiga simu Mombasa kwa wakala wa bima, na wakala akaomba picha. Mtu mwenye akili angepiga picha ya tairi. Huyu alisubiri magharibi, akawasha taa zote, akapiga kutoka upande ulio mzuri, mwavuli umefunguliwa. Wakala akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaandika: "Hii ndiyo ile tuliyoikatia bima?"

Basi nikaletewa mimi.

Sheria yenyewe ni Sura ya 405, ile ya bima ya vyombo vya moto kwa ajili ya watu wengine, ya tangu enzi ya ukoloni, na ukiisoma unasikia Mwingereza akikohoa nyuma ya kila aya. Watu wengi wanaidhani ni sheria ya kumlinda mwenye chombo. Hata kidogo. Imetungwa kwa ajili ya yule uliyemgonga. Kifungu cha 5 kinalazimisha bima ya kifo na maumivu ya mwili ya binadamu. Mali haimo. Saruji haimo. Punda, pamoja na heshima yote aliyonayo hapa, na zahanati yake aliyofunguliwa na shirika la Donkey Sanctuary mwaka 1987 wakati baadhi yetu tulikuwa bado tunatibiwa kwa mwarobaini, kwa sheria hiyo ni mali. Kama mkataba wako unalipa mali ya watu, unalipa kwa masharti ya mkataba, na sharti la kwanza ni kwamba chombo kiwe kile ulichokieleza. Kwa hiyo mfuko wa saruji ni wa mpwa wangu. Nilipomwambia hivyo alinitazama kana kwamba nimeupasua mimi.

Mkono wa mama yule ni habari nyingine, na hapa naipenda sheria hata ikinikera. Kampuni ya bima haiwezi kumwambia majeruhi, "Samahani mama, sailensa ilitobolewa, nenda nyumbani." Sheria imeyabatilisha masharti ya namna hiyo yanapomhusu mtu aliyeumia: hali ya chombo, umri wa dereva, idadi ya watu waliopakiwa, uzito wa mzigo. Mahakama ikiamua, kampuni hulipa chini ya kifungu cha 10, mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mpwa wangu alipofika hapo akapiga kofi, akasema, "Si nilikwambia, Ami!" Nikamwambia asubiri ukurasa ugeuzwe. Pesa ambazo kampuni imelipa kwa sababu tu sheria imeibana, inaruhusiwa kuja kuzidai kwake. Yaani mama atapona, wakili atalipwa, na kampuni itahamia mlangoni pa kakangu.

Na bado. Kifungu hicho hicho kinaipa kampuni mlango wa kutokea. Inaweza kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi au ndani ya miezi mitatu tangu ifunguliwe, ikaomba itamkwe kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha jambo kubwa au kwa kusema uongo. Jambo kubwa ni lile ambalo kampuni makini ya bima ingelijua, lingeibadilishia mawazo kama ikubali au ikatae, na kwa bei gani. Nilimsomea mara ya pili. Nikamuuliza: kiti cha futi kadhaa kilichochomelewa uchochoroni, kampuni makini ya bima ingependa kukijua? Akasema inategemea na kampuni. Hilo jibu, kwa kweli, nimewahi kulisikia kwa mawakili wa kulipwa.

Sijagusa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo inataka kila chombo barabarani kiwe katika hali isiyomhatarisha mtu, na inayomtaka mwendesha bodaboda avae kofia ngumu na kupakia abiria mmoja. Mmoja! Kiti kile wanakaa watatu na mbuzi.

Kuna jirani wa Shela aliyeolewa Ujerumani, huja kila Desemba na kutuhesabia makosa. Anasema kule ukifunga hata magurudumu yasiyo kwenye karatasi za gari, unalipeleka kwa wakaguzi, TÜV na wenzao, wakuandikie. Usipofanya hivyo ruhusa ya gari kutembea barabarani inaweza kufa hapo hapo. Mumewe alingoja karatasi ya magurudumu kama anayengoja viza. Tulimcheka sana mwaka juzi. Sasa sicheki.

Msidhani ni vijana tu. Shemeji yangu, mtu mzima na ndevu zake, ana Probox aliyoiacha Mokowe chini ya mti, maana gari halivuki. Viti vya nyuma amevitoa. Springi ameziwekea spesa na kuongeza nyingine, hata ikiwa tupu matako yanaangalia mbinguni, na ikishapakiwa samaki na barafu inakaa sawa, ndipo anapoamini iko salama. Inapiga njia ya Hindi, Mpeketoni, Witu hadi Garsen. Bima aliyoikata? Ya gari la mtu binafsi, la kwendea kazini na kutembelea jamaa. Shemeji ana jamaa wengi sana Garsen, na wote wanakula samaki.

Huyu nimemwambia waziwazi kwamba kesi yake ni mbaya kuliko ya mpwa. Ile orodha ya masharti yaliyobatilishwa inataja hali ya gari na uzito wa mzigo. Haitaji kazi uliyoipa gari. Ukilikatia bima ya matembezi ukalifanyisha biashara, uko nje ya mkataba wenyewe, na hata yule utakayemgonga huenda akabaki na wewe peke yako, wewe na masanduku yako ya barafu. Na asesa wa bima akija hahitaji kuinama chini kukagua springi. Atafungua mlango tu, pua itamaliza kazi. Shemeji amenijibu kwamba bima ya biashara ni ghali. Ni ghali, sikatai. Ila ya sasa ameinunua ili amwonyeshe polisi kwenye kizuizi, na polisi hakuahidi kumlipa mtu yeyote.

Hata baharini, ambako ningetegemea tuwe na adabu kidogo kwa sababu ndiko tulikozaliwa, mambo ni yale yale. Boti ya faiba iliyopimwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya ikiwa na mashine ya nguvu za farasi 15, mwezi wa pili imefungwa ya 40, mwezi wa tatu imejengewa paa, wa nne viti vimeongezwa na majaketi ya kuokolea yamebaki idadi ya zamani. Nguvu mpya inalitikisa lile bao la nyuma ambalo halikutengenezewa uzito huo, na paa linashika upepo wa kusi kama tanga lisilo na nahodha. Sheria ya bima ya baharini ina kanuni moja ambayo Lamu ingepaswa kuiogopa kuliko majini: katika bima ya muda, ukikitoa chombo kikiwa hakifai kusafiri, nawe unajua, hasara iliyoletwa na ubovu huo ni yako. Nawe unajua! Bara huko mtu anaweza kuapa kwamba hakujua. Hapa utaapa vipi? Wazee wa forodhani walikuona ukikata ubao, wakakushauri vibaya, na mmoja alikushikia msumeno.

Kinachonikera hasa ni kwamba dawa ni karatasi moja. Unaandika: nimebadilisha hiki na hiki, tafadhali nijibuni kwa maandishi. Watakubali, au watapandisha bei, au watakataa. Vyovyote iwavyo unajua ulipolala. Ukibadilisha injini au rangi unapeleka habari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likakaguliwa na logibuku ikarekebishwa, ili nambari iliyo kwenye chuma na iliyo kwenye karatasi zijuane. Nimeandika barua za kuomba msamaha wa wake, za kuomba mikopo, hata moja ya kumshtaki jogoo. Zote watu walitia sahihi bila kusoma. Barua ya bima ndiyo pekee ambayo mtu huisoma mwanzo mwisho, akairudisha, akasema, "Mwalimu, si tutawaamsha waliolala?" Mimi si mwalimu, lakini nimechoka kusahihisha.

Mpwa wangu amekubali mwishowe, baada ya babake kuingilia kati na mwenye punda kuhamia barazani pangu na mfuko wake uliopasuka. Saruji imelipwa, kwa mafungu. Mkono wa mama umepona, naye hataki kesi, ila kila akimwona mpwa wangu njiani huukumbuka ukamuuma. Tumekaa na fomu mpya. Penye kuulizwa mabadiliko wameacha mstari mmoja, mfupi, wa mtu aliyebadilisha pazia. Nikaambatanisha karatasi mbili, nikaandika kwa mwandiko wangu wa mahakamani: kiti, keria, gadi, springi, sailensa, honi, mwavuli na idadi ya vijiti vyake. Vioo niliandika kwamba vitarudishwa, akaguna.

Nikampa kalamu. Akasoma karatasi zote mbili kwa utulivu ambao sijapata kumwona nao, akatia sahihi, akanirudishia. Halafu akauliza kama spika mbili alizoagiza Mombasa, zinazofika na basi la alasiri, ziandikwe leo au zingoje ajali.