Karibu Tena Pangoni: Kero Tano za Dragon Age II

Novemba 2009 studio ya BioWare ilituletea Dragon Age: Origins, gemu la kukaa chini na kuwaza. Machi 2011, miezi 16 tu baadaye, likaja la pili. Wahusika wake nawapenda hadi leo. Ninaowadai ni waliochora mapango. Nahesabu kinyumenyume.

5. Suruali iliyochanika. Umeua genge zima, umefungua kasha kwa mikono inayotetemeka, na ndani kuna suruali iliyochanika. Hata mtumba una daraja lake jamani!

4. Mji usiozeeka. Hadithi inaruka miaka mitatu, halafu mitatu mingine. Hawke, mhusika unayemchezesha, anatoka kuwa mkimbizi hadi kuwa Bingwa wa mji huo, Kirkwall, na muda wote huo hakuna aliyehamisha hata meza sokoni.

3. Arishok. Jemadari wa Waqunari, mapembe hadi huku, sauti ya kutikisa kuta. Ukikubali kupigana naye peke yako, utazunguka nguzo za ukumbi, utameza dawa, utazunguka tena. Ni pambano la heshima, eti.

2. Lile pango. Unalijua. Umetumwa ufukweni Wounded Coast, ukalikuta. Umepanda mlima Sundermount, nalo limepanda nawe. Safari hii unaingilia mlango wa nyuma ili ujione mgeni, na njia ya kushoto imezibwa kwa bamba la jiwe. Lakini tazama ramani pembeni: vyumba vyote vimo, hata vile usivyoruhusiwa kuingia! Yaani mficha siri kasahau kufunga dirisha. Ghala nazo ni hivyo hivyo, na majumba ya matajiri vilevile. Inaonekana Kirkwall nzima ilikuwa na fundi mmoja. Utetezi pekee ninaoukubali ni kwamba anayesimulia ni Varric, mwongo mwenye kipaji, tena akiwa anahojiwa na mpelelezi Cassandra. Chini ya vitisho vile, nani angekumbuka pango la pili?

1. Mawimbi ya maadui. Wengi wangeliweka pango hapa juu. Hapana. Pango linachosha macho tu. Mawimbi yanaua akili. Katika Origins ulisimamisha mchezo, ukawahesabu maadui, ukamweka shujaa mwenye ngao mlangoni na mchawi nyuma yake, na mpango wako ulikuwa na maana. Hapa kitufe cha kusimamisha bado kipo, ila unapanga dhidi ya nani? Ukimaliza sita, wengine sita wanadondoka kutoka juu ya mapaa kama waliokuwa wakisubiri zamu. Ukimaliza hao, wengine wanachipuka mgongoni, palepale ulipomficha Anders, mganga pekee kundini. Ameshakufa. Na kwa mbali, bado wanadondoka.